Mshono

Mwezi wa pili barafu ya Baikal yaweza kubeba lori.
Ndipo tunapotoka ufukoni, kilomita ya mia na sita
ya reli kuukuu, tukiburura winchi kwa mnyororo.
Mimi ni fundi wa winchi, Dashinima.
Sikusoma nyota. Nimesoma kamba:
najua inavyolia kabla ya kukatika.

Twakata dirisha barafuni, upana wa mlango,
tukateremsha macho.
Macho ya kioo, makubwa kama matikiti,
moja chini ya jingine, shanga za uzi mmoja,
hadi kule ambako samaki
hawajapata kusikia habari za jua.

Taisiya Pavlovna, mwenye hesabu,
ndiye aliyenieleza mgeni tunayemngoja.
Hapigi hodi. Hali, hanywi, haachi nyayo.
Apita mlimani, apita ndani ya Dunia nzima
kama vile haipo.
Wale wa jua ni wengi kama vumbi, hao hatuwataki;
twawataka wakali, waliotoka mbali.
"Mmoja," akasema, "mmoja katika wasiohesabika,
hujikwaa. Akijikwaa majini
maji hutoa mwanga wa buluu. Basi.
Kope haijafumba, umeshakwisha."

Na mbona twatazama chini,
ilhali nyota ziko juu?
Akapiga barafu kwa kisigino.
Kitovu cha galaksi yetu hakipandi sana kwenye anga la huku,
saa nyingi kiko upande wa pili, chini ya viatu vyetu.
Dunia yote tumeifanya chujio.

Mama yangu hakulijua neno galaksi.
Utando ule mweupe wa usiku aliuita mshono wa mbingu:
ngozi mbili zilizoshonwa na mtu asiye na haraka.
Na ulipoandama Mwezi Mweupe, mwaka wetu mpya,
alitoka nje alfajiri na kijiko,
akaurushia maziwa.

Kwa hiyo nilipomwona Taisiya ameinamia kompyuta,
glavu mdomoni, akiupekua mshono pindo hadi pindo,
nilielewa upesi kuliko alivyotaraji.
Anatafuta uzi uliolegea.
Masalia ya nyota iliyopasuka?
Maiti ndogo ya nyota, inayozunguka kama pia?
Anachojua ni kwamba nguo inavuja.
Wapi, hajui.

Haba na haba hujaza kibaba.
Kibaba chake, miaka sita, kina kumi na moja,
na tatu kati ya hizo, asema, huenda ni uongo wa maji,
maana ziwa nalo lina mwanga wake,
lang'aa gizani peke yake
kama mtu anayeongea usingizini.

Usiku wa tarehe tisa Machi kengele ililia.
Tulikimbilia kibandani na soksi.
Mwelekeo: mshononi kabisa. Nguvu: ya kutisha.
Zakhar, kijana wa nyaya, alimbusu kila mtu, hata mbwa.
Taisiya hakumbusu mtu.
Alikaa na karatasi yake mpaka chai ikaganda ukingoni mwa kikombe,
kulipokucha akasema, "Wa juu huyu.
Mtoto wa hewa yetu wenyewe.
Alijifanya ametoka mbali."
Akafuta. Kumi na moja.

Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata;
lakini mimi nimemwona amechoka
na hajapata.

Aprili yaja, barafu imeanza kunguruma chini ya vitanda.
Imebaki kamba moja. Nimeiteremsha leo, taratibu,
kiganja juu ya waya, nikisikiliza.
Ilipogusa kina chake nilimwaga dirishani
maziwa yaliyobaki kwenye birika.
"Utachafua vioo!" akafoka Zakhar.

Taisiya alitazama weupe ule ukizama,
ukinyooka, ukiwa uzi,
akaniuliza kama yamebaki mengine.